KUUSOMA UWANJA WA VITA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Ninyi mlio darasani, wekeni daftari na kalamu karibu. Viongozi wa vikundi, kama mnayo ramani ya Afrika Mashariki, itundikeni ukutani. Leo itatufaa sana.

Katika masomo yaliyopita tumejifunza kusoma barua, kusoma tangazo, na kusoma hesabu ya duka. Leo tutasoma kitu kingine, nacho ni ardhi. Labda mtu atauliza, "Ardhi yasomwaje, nayo haina herufi?" Swali hilo ni jema. Ardhi inayo maandishi yake: mahandaki yaliyofukiwa nusu, mawe yaliyopangwa kwa mkono wa mtu, tundu katika shina la mti. Anayeyajua maandishi hayo huyasoma. Asiyeyajua hupita, asione kitu ila vichaka na vumbi.

Mwaka jana darasa letu la watu wazima kumi na mmoja lilisafiri kutoka Voi hadi Taveta, nchini Kenya, pamoja na mtaalamu wa historia ya vita. Safari ilichukua siku tatu. Tulikwenda kutazama mahali walipopigana Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na mwaka 1916. Nitawaeleza tulivyofundishwa kuitazama nchi ile, ili nanyi mkipata safari kama hiyo mjue la kuuliza.

KWA NINI WALIPIGANA PALE

Tazameni ramani. Itafuteni Mombasa, kisha fuateni njia ya reli kwenda Nairobi. Katikati mtaiona Voi. Sasa tokeni Voi, elekeeni magharibi mpaka mlima Kilimanjaro. Kabla ya kufika mlimani mtaiona Taveta. Kutoka Voi hadi Taveta ni kilometa 110 hivi.

Wakati ule Kenya ilitawaliwa na Waingereza, na Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani. Vita vilipoanza huko Ulaya mwezi wa Agosti 1914, havikukaa Ulaya. Mwezi ule ule Wajerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Kamanda wao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Shabaha yake ilikuwa ile reli. Vyakula, silaha na askari wa Waingereza vilipita juu ya reli hiyo kutoka bandari ya Mombasa. Reli ikikatika, jeshi lina njaa.

Basi akatuma vikundi vidogo vya askari kwa miguu, na baruti begani, wapite nyikani usiku wakailipue reli. Walifaulu mara nyingi. Lakini wengine hawakurudi. Walikufa kwa kiu.

Hapo mtaalamu wetu alisimamisha gari, akatuambia tushuke. Ilikuwa saa sita mchana. Mbele yetu palikuwa na nyika tupu: miiba, udongo mwekundu, na joto linalochezacheza juu ya ardhi. Akauliza, "Mnaona nini?" Mzee mmoja wa darasa letu akajibu, "Hatuoni kitu, bwana." Mtaalamu akasema, "Mmejibu vizuri. Hapana mto, hapana kisima. Lishikeni neno hilo. Vita vya hapa vilikuwa vita vya maji."

MAKTAU: RELI NA BOMBA

Maktau ni kituo kidogo chini ya milima ya Taita. Mwaka 1915 palikuwa na kambi kubwa ya Waingereza. Hata leo yaonekana mabaki ya boma na mahandaki, na yapo makaburi ya askari wa Kihindi waliokufa mbali na kwao.

Kwa nini kambi iliwekwa pale? Mtaalamu alituonyesha vitu viwili. Kwanza, reli. Waingereza walipotaka kumrudisha Mjerumani nyuma, waliona kwamba hawawezi kulisha jeshi kubwa katika nyika ile bila gari la moshi. Wakaanza kujenga njia mpya kutoka Voi kuelekea Taveta. Reli ile ilizaliwa na vita. Pili, maji. Maji yalitoka katika milima ya Bura, upande wa Taita, yakaletwa kambini kwa bomba. Jeshi halikuweza kuyatangulia maji.

Mnaona sasa faida ya kwenda na mtu anayejua? Kitabu chaweza kukuambia, "Jeshi lilikaa Maktau miezi mingi." Wewe utadhani walikuwa wavivu au waoga. Lakini ukisimama pale kwenye jua, ukaitazama milima ya maji nyuma yako na nyika kavu mbele yako, utafahamu mara moja.

SALAITA: MAHANDAKI YALIYOFICHWA

Ukiipita Mbuyuni na kukaribia Taveta, utakiona kilima kimoja peke yake katika uwanda. Hicho ndicho Salaita. Si kirefu. Mtu mwenye nguvu hukipanda upesi. Lakini aliye juu yake aiona nchi yote, na njia ya Taveta yapita karibu yake.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia kilima hicho. Walikuwa na watu karibu 6,000. Wengi wao walikuwa askari Wazungu kutoka Afrika Kusini, waliofika juzijuzi tu. Waliokilinda walikuwa karibu 1,300, Wajerumani wachache wakiongoza askari wengi Waafrika.

Kabla ya watu kwenda mbele, mizinga ilipiga kilima. Ilipiga kileleni, ambako yalionekana mahandaki. Mawe na vumbi viliruka juu. Washambuliaji walifikiri wenye kilima wamekwisha. Wakasonga mbele katika vichaka.

Hapo mtaalamu alitushusha kutoka kileleni, akatupeleka chini kabisa, kilima kinapoanzia. Akasema, "Tazameni miguuni penu." Tulikuwa tumesimama ukingoni mwa handaki la zamani. Lilikuwa limejaa udongo na majani, lakini mstari wake ulionekana wazi. Haya ndiyo yaliyokuwa mahandaki ya kweli. Yalikuwa chini, yamefichwa na vichaka. Yale ya juu yalikuwa ya kudanganyia. Mizinga ilitupa chuma kingi mahali pasipo na watu.

Washambuliaji walipofika karibu, risasi ziliwatokea chini ya miguu, na bunduki zile za mfululizo ambazo wazee waliziita bombomu. Kisha askari wengine wa upande wa Wajerumani wakawajia ubavuni. Wale wa Afrika Kusini wakarudi nyuma kwa fujo. Walioshika mahali pao, wakawakinga wenzao wasimalizwe, walikuwa kikosi cha Kihindi kilichoitwa Baluchi namba 130. Nao wale wageni walikuwa wamewadharau Wahindi hao siku chache tu kabla. Siku ile zaidi ya watu 100 wa Afrika Kusini waliuawa, walijeruhiwa au walipotea.

Kilima kilitwaliwaje basi? Mwezi uliofuata kamanda mpya, Jan Smuts, hakuigonga Salaita kwa kichwa. Alituma askari wa farasi waizunguke kwa kaskazini, kupitia ziwa Chala, wakatokeze karibu na Taveta. Angalieni ramani. Taveta ndiko uliko mto Lumi. Huko ndiko kulikotoka maji ya wale walioko Salaita, na ndiko ilikokuwa njia yao ya kurudi. Walipoona nyuma yao pako hatarini, waliondoka wenyewe. Tarehe 9 Machi Waingereza waliikuta Salaita tupu. Mwezi mmoja kabla damu nyingi ilikuwa imemwagika kwa kilima kile kile.

Katika uwanda ule wa Salaita wenyeji huonyesha mbuyu mkubwa wenye matundu, na husimulia kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwapiga watu risasi. Mmoja wetu akauliza, "Ni kweli, bwana?" Mtaalamu hakucheka wala hakukubali. Alisema, "Matundu ya risasi ni ushahidi kwamba mti ulipigwa. Habari za mwanamke ni masimulizi. Andika vyote viwili, lakini usiviandike katika mstari mmoja." Maneno hayo yatufaa hata katika mambo ya kijiji. Uliloliona na ulilolisikia ni mambo mawili.

LATEMA NA REATA: USIKU WA VILIMA VIWILI

Magharibi ya Taveta vipo vilima viwili, Latema na Reata, na kati yao pana upenyo wa njia. Nyuma yake ni nchi ya Kilimanjaro. Wajerumani walipoiacha Taveta, walisimama juu ya vilima hivyo.

Mapigano yalianza tarehe 11 Machi 1916. Askari wa King's African Rifles, yaani Keya, walipanda pamoja na Baluchi na Wazungu wa Rhodesia. Vilima vina mawe makubwa na miiba. Kamanda wa kikosi cha tatu cha Keya, Luteni Kanali Graham, aliuawa pale. Jua likachwa bila ya vilima kutwaliwa. Usiku wakatumwa askari wengine wa Afrika Kusini. Katika giza watu walipotezana. Hapana aliyejua nani ameshika nini. Karibu na mapambazuko Smuts aliona mambo yameharibika, akaamuru watu warudi nyuma.

Lakini palipopambazuka lilionekana jambo la ajabu. Vikundi vidogo vya askari wake vilikuwa bado vimekaa kileleni, vimeshikilia mawe yao usiku kucha. Na Wajerumani nao walikuwa wakiondoka! Kila upande ulifikiri umeshindwa. Aliyekaa kidogo zaidi ndiye aliyepata mlima.

Mtaalamu alikuwa amekuja na nakala za maandishi mawili. Moja lilikuwa shajara ya vita. Kila kikosi cha Waingereza kiliandika kila siku yale yaliyotokea, na shajara hizo zimehifadhiwa nchini Uingereza mpaka leo. Jingine lilitoka katika kitabu alichokiandika Lettow-Vorbeck mwenyewe baada ya vita. Alitusomea la huku, akatusomea la huku, kisha akatuonyesha vilima. Hivyo ndivyo mwanahistoria afanyavyo kazi. Haamini mdomo mmoja. Husoma maandishi ya pande zote mbili, kisha huiuliza ardhi.

NI NANI ALIYEBEBA?

Sasa ndugu wasikilizaji, nafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandae somo hili.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye makaburi ya vita mjini Taveta. Mahali pametunzwa vizuri. Katika darasa letu yumo mama mmoja wa miaka 68. Alianza kujifunza kusoma miaka miwili iliyopita. Alipita kaburi kwa kaburi, akiyasoma majina kwa sauti, herufi kwa herufi. Sisi tulimsubiri. Alipomaliza alimwendea mtaalamu, akamwuliza, "Mwanangu, nimesoma yote. Babu yangu alichukuliwa kuwa kariakoo, akafa katika vita hivi. Jina lake halimo. Waliobeba maji na unga wamelala wapi?"

Mtaalamu alivua kofia. Akajibu, "Mama, wengi wao wamelala kando ya njia walizopita. Hakuna aliyeandika."

Ndugu zangu, neno hilo Kariakoo mnalijua. Ni soko la Dar es Salaam. Nairobi pia pana Kariokor. Majina yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi, ambalo watu wetu walilitamka kwa ulimi wao. Baada ya Taveta vita viliingia ndani Tanganyika, mbali na reli. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Kukabaki kichwa na mgongo wa mtu.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Andikeni. Mpagazi abeba unga kilo 25. Kila siku hula kilo 1. Aenda siku 10, arudi siku 10. Je, amekula kilo ngapi? Naam, 20. Basi askari aliye mbele amepata kilo ngapi? Kilo 5 tu. Na safari ikiwa ndefu zaidi? Hapana budi kuongeza wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Ndiyo sababu kwa upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa karibu watu milioni moja katika nchi zote za sehemu hizi. Wengine walikwenda kwa hiari kutafuta mshahara. Wengine wengi walikamatwa, hasa mwaka 1917. Wajerumani nao walichukua watu wengi vivyo hivyo.

Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na njaa. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000 au walizidi. Kati yao waliotoka Kenya peke yake walikuwa karibu 45,000. Vita vyenyewe vilikwisha mwezi wa Novemba 1918. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia.

Na kwa nini majina hayapo? Sikilizeni vizuri, maana jambo hili latuhusu sisi wa elimu ya watu wazima. Mengi hayakuandikwa kabisa. Mengine yaliandikwa na makarani wasiojua lugha ya mtu, wakaliharibu jina la mtu na la kijiji chake. Mpagazi mwenyewe hakuweza kusoma, hivyo hakuweza kusema, "Bwana, hapa umekosea." Basi alipokufa, jamaa yake hakupatikana. Mishahara ya watu wengi waliokufa haikuwafikia wajane na watoto wao. Kosa la kalamu likawa njaa nyumbani.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa. Ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi sana waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa sawasawa na Wazungu, na wengi hawakuandikwa majina popote. Ikaomba radhi. Ni jambo jema. Lakini jina ambalo halikuandikwa haliwezi kupatikana ofisini. Likipatikana, litapatikana nyumbani kwa watu, katika vinywa vya wazee.

UKIPATA SAFARI KAMA HII

Sasa nitawapa mashauri machache.

Kwanza, nenda na anayejua. Mchukue mtaalamu aliyesoma maandishi, na mchukue pia mzee mwenyeji. Mmoja ajua tarehe, mwingine ajua njia.

Pili, beba maji mengi kuliko unavyodhani yatatosha. Usitembee peke yako. Nchi ile ni ya ndovu na simba, na mashamba mengine yana wenyewe. Omba ruhusa kwanza.

Tatu, ukiona kitu cha chuma kinachofanana na kombora, usikiguse wala usikipige teke. Miaka 100 haikiondolei hatari. Simama mbali, wapashe polisi habari.

Nne, usiokote maganda ya risasi wala vifungo vya askari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa hulinda mali za kale. Tena ganda la risasi likiwa mahali pake huonyesha askari alisimama wapi. Likiwa mfukoni mwako halionyeshi kitu.

Tano, kila ufikapo, uliza maswali matatu: Maji yalitoka wapi? Nani aliona nini kutoka hapa? Na nani aliyebeba?

Nimalize na yule mama. Jioni ile, kabla ya kulala, alikaa chini ya taa akafungua daftari lake. Aliandika jina la babu yake, jina la kijiji chake, jina la baba wa babu yake, na maneno haya: "Alichukuliwa. Hakurudi." Kisha akaniletea nimsahihishie. Nilisoma. Hapakuwa na kosa hata moja. Mwalimu aliyekuwa nami alipiga nakala mbili. Moja tuliiweka darasani, na ya pili alipewa mtaalamu, naye ameiweka pamoja na karatasi zake za Taveta.

Haya, ndugu wasikilizaji. Muda wetu umekwisha. Kwa herini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Wajerumani walitaka kuiharibu reli ya Mombasa?
2. Mahandaki ya kweli ya Salaita yalikuwa wapi? Mizinga ilipiga wapi?
3. Kuna tofauti gani kati ya ushahidi na masimulizi? Toeni mfano wa kijijini kwenu.
4. Mpagazi abeba kilo 25, ala kilo 1 kila siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, atafikisha kilo ngapi?
5. Je, katika ukoo wenu yupo aliyechukuliwa kuwa mpagazi au askari? Mwulizeni mzee. Liandikeni jina lake, kijiji chake, na jina la baba yake. Mwenzako alisome kwa sauti, mwone kama limeandikwa sawa.

MANENO YA SOMO

Handaki: shimo refu ambamo askari hujificha na kupigana.
Mpagazi: mtu abebaye mizigo safarini.
Shajara: daftari la habari za kila siku.
Ubavuni: upande wa kushoto au wa kulia wa jeshi.
Ushahidi: kitu kionyeshacho kwamba jambo ni kweli.